Aliyetumwa kumsemea Judica

Shangazi yangu Philomena anaishi Nambis, juu ya barabara, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukaa mpaka saa nne. Analima vitunguu saumu, na mikono yake hunukia hivyo hata Jumapili. Kanisani, wakati wa kupeana amani, watu wakishamshika mkono hurudi kwenye benchi wakinusa viganja vyao na kucheka, naye hucheka pamoja nao. Ni mtu wa kucheka zaidi kuliko kusema. Mumewe, Alfredi, analima mahindi kwenye shamba la kukodi kule Gehandu, upande wa Hanang, na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

Mtoto wao wa mwisho ni Judica. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Alipona, lakini tangu hapo hakugeuka tena alipoitwa. Nyumbani walijitungia ishara zao chache. Mama ni kushika ncha ya sikio, kwa sababu ya hereni. Mimi ni viganja viwili vinavyofunguka kama kitabu, maana kila alipoletwa kwetu Endagikot alinikuta nasoma. Kuna ishara ya kula, ya kulala, ya mvua, ya ng'ombe, ya njoo, ya hapana, na nyingine kidogo. Huo ndio ulikuwa msamiati wote wa mtoto wa miaka tisa, tena mtoto mwenye akili, aliyeweza kufungua redio ya baba yake kipande kwa kipande na kuirudisha ikaimba, ingawa yeye haisikii.

Katika shule ya kijiji alikaa miaka mitatu. Alinakili kila kilichoandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wenzake wote: tarehe, hesabu, hata majina ya wapiga kelele. Hakujua neno hata moja lina maana gani.

Mwezi wa tisa, mwaka juzi, alipimwa masikio mjini Mbulu. Afisa wa elimu maalumu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimweleza shangazi kwamba ipo shule yenye kitengo cha viziwi, ina bweni na walimu wa lugha ya alama, na Januari itapokea watoto sita. Akampa fomu. Sehemu ya wazazi niliijaza mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shahada ya ukutubi, kazi ya maktaba, na nipo nyumbani nasubiri ajira. Sehemu ya tatu ilitakiwa kujazwa na mwalimu mkuu wa shule anayosoma mtoto, aipige muhuri, na fomu ifike wilayani kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba mtoto wa darasa la kuanza asiwe ametimiza miaka kumi siku ya kufungua shule. Judica angetimiza kumi mwezi wa tatu. Ilikuwa Januari ile au basi.

Mwalimu mkuu hakukataa. Alisema tu, bila kuisoma fomu, kwamba mtoto ni wa kike, kule ni mbali, atalia, tumwangalie kwanza. Shangazi alikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alirudi akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya gunia.

"Njiani nilikuwa na maneno yote," aliniambia. "Nilipofika mlangoni kwake yakaisha."

Kwetu, jambo likikushinda namna hiyo hulirudii mwenyewe. Unatafuta mtu wa kukusemea. Posa husemewa, mpaka wa shamba husemewa, hata ng'ombe akiingia kwenye ngano ya jirani anatumwa mtu. Anayejisemea mwenyewe anaonekana kama hana watu. Na huyo unayemtuma, akiwa mzee, haambiwi la kusema. Unamweleza jambo lako kwa maneno machache, kisha unanyamaza, kwa sababu kumpangia mzee maneno ni kumfanya mtoto. Nimekulia humo. Sikuwahi kuona kama ni desturi. Niliona ndivyo watu walivyo.

Basi shangazi akaanza kutafuta mtu. Nakumbuka siku ile tulikuwa uani tunafunga vitunguu saumu kwenye mafungu, na jirani yake Lucia alikuja kusaidia.

"Mtume Sylvester," alisema Lucia. "Si yuko halmashauri? Halafu ana tai."

"Sylvester anamwita mwanangu bubu."

"Anatania."

"Amtanie wa kwake."

"Basi katekista Modest."

"Modest! Kabla sijafika nyumbani itakuwa imeshatangazwa baada ya komunyo."

Lucia alicheka mpaka fungu likamfunguka mkononi. Kisha akaninyooshea kidevu. "Na huyu msomi wako? Vitabu vyote vile, hawezi kumsemea mdogo wake?"

Niliinamia fungu langu. Shangazi alijibu kabla yangu. "Agatha ni mtoto. Tena hajaolewa. Nani atamsikiliza?"

Nilishukuru. Hata sasa naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyoshukuru haraka.

Jioni Alfredi alipiga simu kutoka Gehandu, upepo ukivuma kwenye simu yake. "Mtafuteni Mzee Tadei," alisema. "Yule hajawahi kutumwa akarudi mikono mitupu."

Shangazi alikubali hapo hapo, na mimi pia nilikubali moyoni. Ungetafuta kijiji kizima usingepata mtu mwaminifu kama Mzee Tadei Bura. Inasimuliwa kwamba zamani alitumwa kumposea mpwa wake mwenyewe. Wazazi wa binti walipomuuliza tabia ya kijana, akasema, "Anafanya kazi vizuri. Pia anakunywa." Mpwa hakuoa mwaka ule, na mpaka leo hawapatani sawasawa, lakini tangu siku hiyo watu wa Nambis wakiwa na jambo zito wanakwenda kwake.

Tulimkuta ameketi nje na koti lake zito la sufu, anachonga mpini wa jembe. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu, kisha akanitazama.

"Huyu ndiye wa vitabu?"

"Ndiye, mzee," alisema shangazi.

"Utaolewa lini, mjukuu wangu? Au tukuposee kabati la vitabu?"

Nilicheka nikitazama chini. Shangazi alimkabidhi asali tuliyobeba, akasubiri aiweke ndani na kurudi, ndipo akasema jambo lake kama inavyotakiwa. "Mzee, nina mtoto asiyesikia. Imepatikana shule ya watoto kama yeye. Mwalimu mkuu anasita kumwachia." Akanyamaza.

Fomu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilijua mzee hasomi. Nikasema, "Babu, kuna na tarehe..."

Shangazi alinikanyaga mguu.

"Unasemaje?" aliuliza mzee.

"Anashukuru tu," shangazi alimjibu. "Tunashukuru sana, mzee."

Njiani nilimwambia kwamba ilifaa mzee ajue. Alinijibu bila ukali, "Agatha, unamfundisha Mzee Tadei kusema? Atajua mwenyewe la kufanya. Ndiyo maana tumemtafuta."

Tulikwenda shuleni Jumanne, siku kumi kabla ya mwisho. Mwalimu mkuu alimpokea mzee kwa heshima zote, akampa kiti chake mwenyewe, akaagiza chai. Mimi na shangazi tulikaa kwenye benchi la ukutani. Judica alikaa katikati yetu, akitazama midomo ya watu.

Sijawahi kusikia mtu akisema vizuri kama Mzee Tadei alivyosema siku ile. Hakutaja shule kwanza. Alianza na mwaka wa njaa, wakati watu wa Nambis walipolishana, akaja kwenye mtoto, kwamba mtoto wa mtu mmoja akitembea njiani ni wa watu wote, na kwamba asiyesikia ana haki ya kuonyeshwa njia zaidi kuliko anayesikia, kwa sababu huyu hawezi kuiuliza. Mwalimu mkuu aliacha kalamu. Mwalimu wa taaluma, aliyepita kuchukua chaki, alisimama mlangoni akasahau kuondoka.

"Mzee wangu," alisema mwalimu mkuu, "umenigusa. Mimi siipingi hiyo shule. Nasema tu mtoto huyu bado mdogo. Akae nasi mwaka mmoja. Nitamweka benchi la mbele, chakula cha mchana ale hapa bila mchango. Mwakani nitaipeleka fomu mimi mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu, mzee."

"Mbele ya mama huyu unasema hivyo?"

"Mbele yake."

Mzee Tadei akatabasamu. Alitumwa kwa mtu anayesita, na sasa mtu huyo ameahidi mbele ya mashahidi. Kwa kazi aliyoijua maisha yake yote, hapo alikuwa amemaliza, na amemaliza vizuri.

Shangazi aligeuka akanitazama. Ninayakumbuka macho yale. Hayakuwa ya mtu anayelaumu. Yalikuwa ya mtu anayeuliza kama ameelewa sawa. Nilikuwa na fomu mapajani. Ningesema maneno manne tu, kwamba mwakani atakuwa amezidi umri. Nilitazama sakafu. Palikuwa na ufa kwenye saruji na siafu wachache wanaufuata. Nikajiambia kwamba mzee atauliza kitu kingine kidogo, na hapo ndipo nitasema.

Hakuuliza. Alisimama, na sote tukasimama, akaanza kubariki, kama wazee wanavyobariki jambo likishakubaliwa. Nyumba hii ipoe. Mvua ije usiku na iondoke asubuhi. Ng'ombe wazae. Chaki isivunjike mkononi mwa mwalimu. Watoto wa hapa waende mbali na warudi salama. Kwa kila sentensi tuliitikia, mwalimu mkuu akaitikia, mwalimu wa taaluma pale mlangoni akaitikia, shangazi naye akaitikia. Nilisikia sauti yangu ikiitikia pia.

Baraka ikishasemwa juu ya makubaliano, huwezi kuyafungua. Ukiyafungua umemrudishia mzee baraka mdomoni.

Njiani Mzee Tadei alikuwa na furaha. "Umeona, binti yangu? Ni mtu mzuri yule. Alihitaji kuombwa tu."

"Asante, mzee," alisema shangazi. "Mungu akuweke."

Tulipofika nyumbani alimvua Judica sweta, akamwekea chakula, akaenda nyuma ya zizi. Alikaa huko muda mrefu. Sikumfuata.

Wiki ilipita. Nilimsihi arudi shuleni, mimi na yeye tu. Akasema, "Nimwambie nini mwalimu? Kwamba mzee alikosea? Mzee hakukosea. Alisema vizuri kuliko nilivyoomba." Nikamwambia basi nitakwenda peke yangu, na wote wawili tukajua kwamba sitakwenda. Lucia alipita siku moja akampongeza kwa habari njema za shuleni. Shangazi alimshukuru, akampa vitunguu.

Jumatano ya wiki ya mwisho, saa kumi na moja alfajiri, shangazi alinigongea. Nilikuwa nalala kwake siku zile. Alikuwa amevaa tayari.

"Chukua hilo karatasi," alisema. "Twende kwa mzee. Leo wewe ndiye utakayesema, na sitakukanyaga."

Mzee Tadei alikuwa anafungulia mbuzi. Alitusikiliza akiwa amesimama. Nilimsomea fomu yote, kwa Kiswahili, kisha nikamweleza tena kwa Kiiraqw, lugha yetu, tarehe na umri, na kwamba mwakani kwa Judica hakuna. Nilidhani atanifokea. Alitaka nimwonyeshe mahali palipoandikwa umri. Nilimwonyesha. Aliweka kidole pale, juu ya maandishi asiyoyasoma, akakaa nacho hapo.

"Siku ile ulitaka kuniambia jambo," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Na kule ofisini karatasi hili ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

Hakuniuliza zaidi. Ingekuwa afadhali angeniuliza. Alimgeukia shangazi. "Binti yangu, mlinituma kuvuka mto, hamkuniambia una maji." Akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

Aliivunja baraka yake mwenyewe. Nataka hili lijulikane kuhusu Mzee Tadei, maana wapo wanaosimulia vingine. Asubuhi ile ile alitembea mpaka shuleni, mzee wa miaka sabini na minne, kwenda kusema mbele ya watu kwamba makubaliano aliyoyabariki hayafai. Lakini mwalimu mkuu hakuwepo. Alikuwa amesafiri tangu jana yake, amefiwa na mama yake, kwao ni mbali, safari ya siku nzima na zaidi. Muhuri alikuwa ameufungia kabatini kama taratibu zinavyotaka, na ufunguo alikuwa nao. Mwalimu wa taaluma alimpigia mara nyingi, simu haikupatikana.

Ijumaa tulikwenda Mbulu mjini, shangazi, Judica na mimi, na mzee akatusindikiza. Tulipofika kwenye mlango wa ofisi, mzee alikaa nje kwenye ngazi. "Ingieni ninyi," alisema. "Mimi nimeshasema vya kutosha."

Na shangazi akasema. Yeye ambaye maneno yalimwishia mlangoni, aliongea siku ile bila kukaa, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, akishikilia fomu isiyo na muhuri kwa mikono miwili. Alisema mtoto wangu anaandika asichokijua. Alisema usiku akitaka kuniambia ameota nini, ananivuta nguo halafu anaacha. Alisema mimi nikifa, huyu hatajua hata kuwaambia watu jina langu. Afisa alikuwa amekunja mikono mezani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Judica," alisema, "maneno haya ungeniletea wiki mbili zilizopita ningempigia mwalimu mkuu mimi mwenyewe. Ningekuja hadi shuleni. Mbona hukuja mwenyewe?"

Shangazi aliikunja fomu, akaikunjua. Mimi nililijua jibu, lakini halikuwa la kumsaidia mtu.

Afisa aliipokea fomu bila muhuri, akaandika barua ya kuiombea, akaituma. Sina la kumlaumu. Mwalimu mkuu naye aliporudi kutoka msibani alikuja mwenyewe nyumbani na muhuri kwenye mfuko, amenyoa kichwa, akiomba msamaha kwa jambo ambalo hakujua kuwa analifanya. Majina yalikuwa yameshapita. Januari, wiki ya kwanza, tulipigiwa simu: watoto sita wamepatikana, na kwa umri wake hawezi kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Afisa alisema ataendelea kutafuta kwingine. Bado anatafuta. Judica sasa ana miaka kumi na moja, anachunga ndama.

Baada ya simu ile, Jumamosi, Mzee Tadei alikuja Nambis juu. Tulimwamkia, shangazi akamwekea kiti, hakukaa. Judica alikuwa uani anapepeta maharage.

"Agatha," mzee aliniita, "wewe umesoma. Kwa lugha yao ya mikono, 'nimekukosea' inasemwaje?"

"Sijui, babu."

"Kwenye vitabu haimo?"

"Imo, nadhani. Mimi sijajifunza."

Akamgeukia shangazi. "Na ninyi humu ndani mnasemaje?"

Shangazi alifikiri. Niliona mikono yake ikijaribu kitu hewani, ikaacha. "Hatuna, mzee," alisema. "Hilo hatujawahi kuwa nalo."

Mzee alikwenda pale alipokuwa mtoto, akachuchumaa kwa shida mbele yake, mkono mmoja chini. Judica aliweka ungo pembeni. Kisha mzee akamwambia. Alimwambia kwa Kiiraqw, taratibu, yote, tangu siku tulipompelekea asali. Alimwambia kwamba alibeba jambo lake bila kulifungua aone ndani kuna nini. Kwamba alitafuta kupatana na mtu mzima, na mtu mzima akamfurahisha, akasahau aliyemtuma ni nani. Alisema vizuri kuliko alivyosema shuleni, hata shangazi alifunika uso kwa kanga. Judica hakuondoa macho kwenye mdomo wake mpaka ulipotulia.

Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Hakuna aliyekuwa na ishara ya kumpa. Akarudi kumtazama mzee, mashavu yake yaliyolowa, akafikiri. Kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa kilichojaa, akitembea polepole yasimwagike.

Mzee Tadei aliyapokea kwa mikono miwili. Akanywa yote pale pale alipochuchumaa, na Judica akasimama mbele yake, mkono ameunyoosha, anasubiri kikombe.